Mganga wa Karema: Maisha ya Adrian Atiman

Katika kurasa za kitabu hiki cha Jubilei wasomaji wamekwisha kuona majina ya maaskofu, mapadre, masista na makatekista wengi waliolima shamba la Bwana katika nchi hizi za Usukuma na Unyamwezi. Mtu ambaye habari zake zinaandikwa hapa hakuwa mwenyeji wa Kahama, wala hakuzaliwa katika Afrika ya Mashariki. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mtu mwenye mke na mtoto, mtumwa aliyekombolewa, akawa mganga na katekista mahali pamoja kwa muda wa miaka 67.

Sababu ya kumleta mbele ya wasomaji ni hii. Tangu kazi ya mgodi wa Buzwagi ilipokoma mwaka wa 2021, swali moja limekuwa halituishi katika parokia za upande huo: je, ikiwa wale waliokuwa na mali wamekwenda zao, afya ya watu itashikwa na mikono ya nani? Mgodi ule ulifunguliwa mwaka wa 2009, na katika miaka hiyo michache wengi wetu tulizoea kufikiri kwamba ushirika katika mambo ya afya ni jambo linaloingia kwa lango, likiletwa na mwenye nguvu kumpa asiye nacho. Maisha ya Atiman yaonyesha namna nyingine, iliyo ya zamani na iliyo ngumu zaidi. Basi na tuyatazame.

Alizaliwa yapata mwaka wa 1866 katika kijiji cha Tundurma, kando ya mto Niger, si mbali na mji wa Timbuktu, katika nchi ambayo leo yaitwa Mali. Watu wake walikuwa Wasonghai. Angali mtoto mdogo alishikwa na wezi wa watu, akachukuliwa mbali na wazazi wake. Akauzwa, akapitishwa mkono kwa mkono, akavushwa jangwa la Sahara pamoja na watumwa wengine kuelekea kaskazini. Sisi wa Shinyanga twajua kiangazi. Twajua malambo yakikauka mwezi wa Septemba na ng'ombe wakikonda mbele ya macho yetu. Lakini hapa petu mtu akivumilia ataona mvua. Jangwa lile halina masika ya kungojea, na njia yake ilijulikana kwa mifupa ya watu waliokufa kiu. Mtoto akapita huko, akatoka hai.

Akafikishwa Metlili, mji ulio kusini ya nchi ya Aljeria, mahali penye minazi ya tende na soko. Huko Mapadre Weupe, ambao leo waitwa Wamisionari wa Afrika, walikuwa wamefungua nyumba. Wakamnunua katika utumwa wamweke huru. Tena yapo mambo katika habari hii yanayomshangaza mtu akiyafikiri. Mwaka wa 1876, Mapadre watatu wa shirika hilo, Paulmier, Ménoret na Bouchand, waliuawa katika jangwa walipokuwa wakiishika njia ya kwenda Timbuktu. Wao walitaka kuifikia nchi ile wasiifikie. Na katika miaka ile ile mtoto wa nchi ile akawafikia wao, amefungwa kamba.

Shirika la Mapadre hao lilianzishwa mwaka wa 1868 na Askofu Mkuu wa Algiers, jina lake Charles Lavigerie, aliyefanywa Kardinali mwaka wa 1882. Wasomaji wengi wamekwisha kulisikia jina lake, kwa kuwa ndiye aliyewatuma wale waliotuletea dini katika nchi hizi. Lakini shauri lake moja halisimuliwi sana. Lavigerie aliona ya kwamba Mzungu katika Afrika ya kati afa upesi, tena kumtunza ni gharama kubwa, na hata akiwa hai watu humwona ni mgeni siku zote. Akafikiri: afadhali watafutwe vijana Waafrika, wafundishwe uganga wa kweli katika chuo kikuu, kisha warudishwe barani wakae kama watu wa nchi, wale chakula cha nchi, waoe wanawake wa nchi. Wawe waganga na makatekista pamoja. Mlango wa nyumba, alidhani, utafunguliwa na mgonjwa kabla haujafunguliwa na mahubiri.

Kwa ajili hiyo alianzisha nyumba ya mafundisho katika kisiwa cha Malta mwaka wa 1881, na vijana waliochaguliwa wakapelekwa huko kusomea uganga katika Chuo Kikuu cha kisiwa hicho. Atiman akawa mmoja wao.

Na tusimame hapa kidogo, maana waalimu wasomao habari hii watapenda kujua kijana huyu alijifunza nini. Siku zile elimu ya uganga ilikuwa ikigeuka mwaka kwa mwaka. Mwaka wa 1880, katika Aljeria ile ile alimolelewa Atiman, daktari wa jeshi la Ufaransa aitwaye Laveran aliona kwa darubini, ndani ya damu ya askari mgonjwa, kijidudu kiletacho malaria. Mwaka wa 1882 Koch wa Ujerumani akatangaza kijidudu cha kifua kikuu. Madaktari walikuwa wameanza kuosha mikono na vyombo vyao kwa dawa kabla ya kupasua, jambo ambalo wazee wao walilidharau. Lakini kwamba malaria huletwa na mbu hapana aliyekuwa na hakika nalo. Halikuthibitishwa mpaka mwaka wa 1897. Kwa hiyo Atiman alipofuzu, mwaka wa 1888, alikuwa na kwinini mkononi, wala hakujua, kama vile mabwana zake wote wasivyojua, kwamba adui yu juu ya kitanda usiku akiimba sikioni.

Mwaka huo wa 1888 ulikuwa mwaka mkubwa. Kardinali Lavigerie alikwenda Roma mbele ya Papa Leo XIII, kisha akazunguka Paris, London na Brussels akihubiri vita juu ya biashara ya watumwa. Waungwana wa Ulaya walisikia maneno yake wakalia machozi. Na mwaka huo huo yule kijana wa Tundurma, ambaye hakuhitaji kuhadithiwa utumwa ni kitu gani, akapanda merikebu kuja pwani yetu, akafuata njia ya misafara kuingia bara.

Njia ile ilikuwa ikipita katika nchi za Unyamwezi. Wapagazi wake walikuwa babu zetu, Wanyamwezi na Wasukuma, watu wa kubeba mizigo ya ratili nyingi toka pwani hata maziwa. Haukuwa wakati wa amani. Pwani, vita ya Abushiri juu ya Wajeremani ilianza katika miezi ile. Huku Tabora, mtemi Isike hakuwapenda Wazungu, na Mapadre Weupe wakaiacha nyumba yao ya Kipalapala mwaka wa 1889. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1891, walifungua misheni ya Ushirombo, karibu nasi, ambayo ni mama wa parokia nyingi za upande huu. Na mwaka wa 1894 Masista Weupe wakafika Ushirombo na Karema. Naandika hayo ili ionekane kwamba habari ya Atiman si habari ya nchi ya mbali. Waliowatibu bibi zetu Ushirombo na yeye aliyetibu Karema walitoka katika nyumba moja, kwa shauri la mtu mmoja.

Akafika Karema mwaka wa 1889, umri wake wapata miaka 23.

Karema iko upande wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Wabende. Boma lake lilijengwa mwaka wa 1879 na Kapteni Cambier, Mbelgiji, kwa ajili ya chama cha Mfalme Leopold. Mwaka wa 1885 likapewa Mapadre. Lilipojengwa lilikuwa karibu na maji, lakini katika miaka iliyofuata maji ya ziwa yakarudi nyuma, yakaacha uwanda mpana wa matope na majani mahali palipokuwa pa mawimbi. Mahali pa namna hiyo, kila aliyezaliwa kando ya ziwa atakuambia, ni makao ya homa. Mapadre walikufa mmoja baada ya mmoja. Askofu Bridoux, aliyewekwa kuiongoza Vikarieti ya Tanganyika mwaka wa 1888, alifariki mwaka wa 1890. Kuzunguka boma walikaa waliokombolewa katika utumwa, na yatima, na watu waliokimbia vita, wa makabila mengi wasiojuana kwa lugha. Na nje ya hao wenyeji wenyewe, waliowatazama wote hao kwa mashaka. Ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, Kapteni Joubert, Mfaransa aliyekuwa zamani askari wa Papa, alikuwa akipigana na wateka watu.

Fikiri sasa, msomaji, hali ya kijana huyu. Mapadre walimwona ni mtu wao, lakini si padre. Wabende walimwona rangi yake ni kama yao, lakini lugha yao haijui, avaa nguo nyingine, atoka pasipojulikana, tena akaa bomani. Waganga wa nchi walimwona ni mshindani. Kiti chake hakikuwapo popote. Sharti akitengeneze mwenyewe. Katika wenzake waliosomeshwa Malta si wote waliodumu katika kazi hiyo, na nyumba yenyewe ya Malta ilifungwa mwaka wa 1896. Kwa maoni yangu hatuna haki ya kuwalaumu walioshindwa. Kardinali alikuwa amewatwika kijana mmoja mmoja mzigo wa kuwa daktari kama Wazungu na kuishi kama asiye na kitu, na mizigo hiyo miwili haichukuliki kwa bega moja bila kuchubua. Atiman alidumu.

Jambo la kwanza alilofanya ni kuoa. Alimwoa Agnes, binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende. Katika vitabu ndoa hiyo huandikwa kwa mstari mmoja, lakini mimi nadhani ndiyo iliyokuwa hospitali yake ya kwanza. Maana tangu siku ile hakuwa tena mgeni wa bomani, alikuwa mkwe. Alikuwa na shemeji, na mama mkwe, na watu wa kumwambia ukweli akikosea. Kwetu Usukumani mwalimu mgeni akioa katika kijiji, watu hubadili namna ya kumwamkia, wala haikuwa vingine kwa Wabende. Mke mgonjwa ambaye asingethubutu kumwonyesha mwanamume mgeni jipu lake, aliweza kupitia kwa Agnes. Mtoto mwenye kuhara damu aliletwa mlangoni usiku, kwa kuwa ule ulikuwa mlango wa ndugu.

Jambo la pili ni kwamba hakudharau dawa za wenyeji. Dawa zake za Ulaya zilitoka mbali sana: merikebuni mpaka pwani, kisha juu ya vichwa vya wapagazi kwa miezi, na mzigo mmoja ukianguka mtoni, mwaka mzima hapana dawa. Chanjo ya ndui iliharibika kwa joto kabla ya kufika. Mganga asiye na dawa atafanya nini? Atiman akajifunza miti na mizizi ya nchi, akawauliza wenye kuijua, akaijaribu, akaitumia pamoja na ile aliyofundishwa chuoni. Daktari wa Chuo Kikuu akakaa kitini pa mwanafunzi mbele ya wazee wasiojua kusoma. Na hapo ushindani ukapungua, kwa kuwa ni vigumu kumchukia mtu ajaye kukuuliza.

Walakini hapa yafaa kutenga mambo mawili, hasa kwetu sisi. Atiman alikuwa katekista. Aliyakubali majani na magome ya miti. Ramli na mizimu haikuwa kazi yake, wala asingeweza kuikubali pasipo kuiasi imani yake. Mganga mmoja hukupa mzizi. Mwingine hukupa jina la mtu. Wale wenye kutaja majina wametuletea msiba katika nchi hii ya Shinyanga na Geita: vikongwe wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na dalili ya uchawi wao ikasemwa ni macho mekundu. Kila mama ajua macho hayo yametoka wapi. Yametoka katika jiko la mafiga matatu ndani ya nyumba isiyo na dirisha, katika moshi wa kuni mbichi na wa kinyesi cha ng'ombe, miaka 50 ya kupikia watoto na wajukuu. Hiyo ni habari ya afya kabla haijawa habari ya polisi. Mwalimu akiwaonyesha watoto moshi ule, na katekista akiwa na uso wa kumkataza mpiga ramli, na mzee mwenye kujua mizizi akiwa upande wao, bibi mmoja atalala salama. Lakini mzee yule hatakuwa upande wao ikiwa tumemfanya adui pamoja na mpiga ramli katika fungu moja. Atiman alijua kuwatenga.

Neno lenyewe lililotumika kwake latufundisha. Watu walimwita mganga, neno lile lile walilowaitia waganga wao, nasi mpaka leo katika Serikali twasema Mganga Mkuu wa Wilaya, Mganga Mfawidhi, wala hapana anayeona haya. Neno ni moja. Watu hutenganishwa kwa matendo.

Magonjwa aliyoyakuta na yaliyomfuata yalikuwa mengi. Yapata mwaka wa 1892 funza walifika ziwani. Wadudu hao hawakuwa wa Afrika. Waliletwa na merikebu toka Brazil mpaka pwani ya Angola mwaka wa 1872, wakasafiri katika miguu ya wapagazi na askari kupita Kongo yote. Watu wasiojua namna ya kuwatoa waliachwa na vidonda mpaka vidole vikakatika, na mtu asiyeweza kutembea hawezi kulima, na asiyelima hufa njaa. Dawa yake ni nini? Pini safi, jicho zuri, na mtu wa kumwinamia mwenzake. Hapana chuo kikuu kinachohitajika, ila mtu mmoja awafundishe kumi, na hao kumi wafundishe nyumba zao. Kazi ya namna hiyo mganga mmoja haiwezi akiwa peke yake; aweza tu akiwa na makatekista vijijini, na mama wa nyumba, na wakubwa wa nchi.

Ikaja sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890. Ikaja ndui mara kwa mara. Baada ya mwaka wa 1900 malale ikashika kando za ziwa, na Serikali ya Wajeremani ikaweka kambi za wagonjwa na kuwahamisha watu katika sehemu zenye mbung'o. Mwaka wa 1918 ikaja homa kubwa ya mafua iliyozunguka dunia yote. Tena palikuwa na buba, ugonjwa wa vidonda ulioharibu nyuso za watoto, uliokuwa ukihesabiwa kama jambo la desturi tu. Na baada ya vita sindano za dawa mpya zikaukausha kwa siku chache, hata watu wa Tanganyika wakaipenda sindano kupita dawa nyingine yoyote, na kuidai hata isipofaa. Mapenzi hayo hayajatutoka.

Bwana wa nchi walibadilika juu ya kichwa chake. Alipofika, boma lilikuwa chini ya Mapadre wenyewe, wakaja Wajeremani, mwaka wa 1916 wakaja Wabelgiji katika ile Vita Kuu, kisha Waingereza. Kila bendera ilikuja na amri zake, na karatasi zake, na daktari wake wa kupita. Madaktari hao walikaa miaka miwili, mitatu, wakahamishwa. Maaskofu nao walifuatana: Askofu Lechaptois, aliyeongoza tangu mwaka wa 1891 hata kufa kwake mwaka wa 1917, na wengine baada yake. Mganga alikuwa yule yule. Mtoto aliyemtoa katika tumbo la mama akaja baadaye kumletea mtoto wake, na yule naye wa kwake.

Sipendi ifikiriwe kwamba kukaa huko kulikuwa kwepesi, au kwamba kulilipwa sawasawa. Mshahara wake haukuwa mshahara wa daktari. Daktari mwenye elimu kama yake katika mji wa Algiers au wa Malta angekuwa na nyumba ya orofa na gari la farasi. Yeye alikwenda kwa miguu. Twapenda kuwasifu watu wa namna hii siku za Jubilei, na sifa hizo ni za haki. Lakini parokia inayomsifu Atiman na kumwacha mhudumu wake wa afya wa kijiji bila hata baiskeli, yafaa ijitazame. Lavigerie alitaka waganga wasio ghali. Alipata mmoja aliyejitoa mwenyewe, na huyo mmoja asifanywe kipimo cha kuwanyima wengine.

Mungu alimpa yeye na Agnes mwana, Joseph, naye akawa padre. Kwa ukoo wa mtu aliyeuzwa sokoni pamoja na ngamia, kizazi kimoja tu kimepita, mwana asimama altareni.

Alipokuwa mzee aliandika habari za maisha yake, nazo zikachapwa mwaka wa 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records, lililosomwa na mabwana wa Serikali na wataalamu. Akapewa nishani, za Kanisa na za Serikali. Dawa zilizokuwa ndoto katika ujana wake zilikuwa zimefika: salfa, kisha penisilini. Magonjwa aliyoyahangaikia kwa majuma yakawa yapona kwa siku tatu. Nadhani mzee huyo aliziona kwa furaha na kwa uchungu pia, akiwakumbuka waliokufa kwa kukosa kitu kidogo namna ile.

Alifariki Karema mwaka wa 1956, mwenye umri wa miaka 90 hivi. Hakuuona tena mto Niger.

Yapo mashauri mengi yatolewayo katika siku zetu juu ya namna ya kuongoza kazi za afya pamoja na watu. Husemwa kwamba kwanza iundwe halmashauri, wachaguliwe wajumbe, iandikwe hati. Siyakatai hayo, Jimbo letu la Kahama, tangu lilipoanzishwa mwaka wa 1983, limepata faida kwa halmashauri zake. Lakini katika maisha ya Atiman mambo yalianza upande mwingine. Kwanza alikaa. Kisha akawa ndugu. Kisha akauliza. Wenyeji walikuwa na miti yao, na habari za nani mgonjwa na kwa nini anaficha. Mapadre walikuwa na nyumba, na dawa za misafara, na makatekista. Mtemi alikuwa na neno la kuamrisha watu wasafishe kisima. Kila mmoja alikuwa na kipande, na hapana aliyekuwa na chote, wala Atiman mwenyewe. Alichokuwa nacho ni kwamba wote watatu walimwamini, akaweza kubeba maneno toka kwa huyu kwenda kwa yule bila kuyageuza. Hakuwa mkubwa wa yeyote kati yao. Ukimuuliza mtu wa Karema nani aliongoza mambo ya afya, hangetaja askofu wala bwana wa wilaya.

Pale Mwendakulima, na katika vijiji vingine vilivyo kando ya shimo la Buzwagi, vipande hivyo vipo mpaka leo. Wapo waalimu wenye watoto mia kadhaa mbele yao kila asubuhi. Wapo mama wa jumuiya ndogo ndogo wanaojua nyumba kwa nyumba. Wapo wazee wa mizizi. Upo muuguzi wa zahanati, mara nyingi kijana aliyetoka mkoa mwingine, aliyepangiwa kazi hapa na Serikali, ambaye kila Jumapili huomba uhamisho. Huyo ndiye nimfikiriaye zaidi niandikapo haya. Nani amemwita nyumbani kwake kula ugali? Nani amemfundisha salamu za Kisukuma? Atiman alipofika Karema alikuwa na umri kama wa muuguzi huyo, na akakuta ukoo uliomkubali kuwa mkwe.

Huko Sumbawanga, hospitali ya Kanisa ina jina lake, nayo nyumba ya Wamisionari wa Afrika katika mji wa Dar es Salaam yaitwa Nyumba ya Atiman. Wagonjwa wa Ufipa wanapotajiana njia husema wanakwenda kwa Atiman, kama ambavyo bibi zao wa Karema walivyokuwa wakisema, wakibeba mtoto mgongoni na kuku mkononi.